Kadi Arobaini na Moja

Saa mbili na nusu asubuhi ya Alhamisi, OPJ Aimé Kule, afisa wa upelelezi, alifungua rejista ya maktaba kutafuta mwizi, akamkuta mke wake.

Alisoma mstari ule mara mbili. Lotsove Rebecca. Kuingia, saa nane. Kutoka, saa kumi na nusu. Meza ya nne. Sahihi ilikuwa ya Rebecca kabisa, ile R yenye mkia mrefu anayoiweka kwenye madaftari ya watoto. Akageuza ukurasa. Rebecca. Akageuza mwingine. Rebecca tena. Kila Jumatatu na kila Ijumaa tangu mwezi wa tisa, mama wa watoto wake wanne, ambaye siku hizo alimuaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, alikuwa ameketi meza ya nne ya maktaba ya mji. Na kila alipoketi Rebecca, mstari wa chini yake ulikuwa na jina lile lile la mwanamume. Héritier, mwalimu. Meza ya nne.

"Kwaya," Kule alisema peke yake ofisini. "Kwaya ya nani?"

Haya, mtu mwenye akili angefunga rejista, akarudi kwenye kazi, maana kazi ilikuwa inamngoja na saa zinakimbia. Jumanne mchana, kati ya saa sita na saa saba, kadi arobaini na moja za mpiga kura, ambazo ndizo kitambulisho huku, zilitoweka kwenye droo ya maktaba. Utaratibu wa maktaba ni huu: ukitaka kwenda na kitabu nyumbani, unaacha kadi yako, na kadi inarudi kitabu kikirudi. Sasa mtu wa Bunia bila kadi ile anakwenda wapi? Barrière ya kwanza tu barabarani askari wanamkamata, aulizwe yeye ni nani na anatoka upande gani. Droo haikuvunjwa. Ilifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa mmoja, unaning'inia shingoni mwa Patience, msichana wa miaka ishirini na minane anayeongoza maktaba. Kule mwenyewe alimtia ndani ya amigo, mahabusu ya polisi, Jumanne hiyo hiyo, saa kumi kamili. Sheria inampa OPJ masaa arobaini na nane. Leo saa kumi, ama Patience apelekwe parquet, kwa mwendesha mashtaka, kwa kosa la kuuza kadi, na huko mtu anaweza kukaa miezi bila kuitwa, ama aachiwe.

Simu ililia. Komanda.

"Kule, ile mambo ya bibliothèque imefika wapi?"

"Ninaendelea, komanda."

"Unaendelea na nini? Ufunguo moja, mutu moja. Saa kumi umupeleke parquet, batu banyamaze."

"Ndiyo, komanda."

Alitia rejista kwapani, akatoka, akapanda moto, pikipiki ya kukodi. Angekuambia anakwenda kumtafuta mwizi wa kadi. Mimi nakuambia alikuwa anakwenda kumtazama Héritier.

Getini pa maktaba watu walikuwa wamejaa. Mama mmoja anayeuza maharagwe kutoka Marabo alimshika mkono. "Shefu, siku tatu sijatoka Bunia. Maharagwe yangu inaoza kule, na miye niko hapa juu ya buku moja ya kushona!" Kule alimwambia avumilie. Ndani palikuwa na utulivu. Maktaba ile haijamaliza mwaka. Ina sahani za umeme wa jua juu ya paa, ina tableti kumi zilizofungwa kwa nyororo, ina mkeka wa watoto na viti vyao vifupi, ina sanduku dogo ukutani la kuchajia simu bure, na kwa sababu ya sanduku hilo, mchana watu huingia na kutoka bila mtu kuuliza. Vitabu vimepangwa kwa rangi. Kijani ni kilimo, buluu ni afya, nyekundu ni sheria, manjano ni watoto. Hata asiyejua kusoma vizuri anafika anapotaka.

Mwanamume alikuwa meza ya nne. Mwembamba, shati lililopigwa pasi, chaki kwenye mkono wa shati. Kule alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Weye njo Héritier?"

"Njo miye, shefu."

"Jumanne saa sita ulikuwa wapi?"

"Kwa masomo. Nafundisha classe ya sita mpaka saa saba na nusu. Directeur anajua. Leo asubuhi tu njo niko huru."

Hapo ungekuwa mwisho wa mahojiano. Kule hakusimama.

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa gani, shefu?"

"Ijumaa zote."

Mwalimu alimtazama bila kuelewa. Kule akafungua rejista, akaweka kidole juu ya jina. "Kuko mama mumoja anakalaka na weye hapa."

"Aa, Mama Rebecca!" Héritier alitabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Kule. "Mama wa nguvu. Anatayarisha examen d'État, ya kumaliza sekondari, kama autodidacte, bila kuingia darasa. Miye namusaidia mathématique. Si yeye peke yake, bako batano. Bengine banakuya siku zingine."

"Examen d'État?"

"Ndiyo. Aliacha shule mwaka wa tano, vita ya Djugu. Anasema safari hii atamaliza."

"Na bwana yake anajua?"

Macho ya mwalimu yalishuka taratibu mpaka kwenye kibao cha jina kifuani mwa afisa. KULE A. "Alisema alimuulizaka bwana yake mara moja. Bwana akacheka."

Kule alikumbuka. Mwezi wa nane, mezani, Rebecca aliweka sahani ya sombe, majani ya muhogo, akasema anafikiri kurudi shule. Naye alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama atavaa na sare. Rebecca alikusanya sahani, akaenda kuziosha.

Ungedhani aibu ingemtosha. Wapi! Wivu hauelewi hesabu. Alipanda moto tena, akaenda mpaka shuleni kwa Héritier, akamhoji directeur, akakagua daftari la mahudhurio, akasikia yale yale aliyoambiwa. Jumanne, mwalimu alikuwa darasani, watoto hamsini na wanane mashahidi. Alipotoka pale ilikuwa saa sita imepita. Masaa saba na nusu yalikuwa yamebaki asubuhi ile kwa ajili ya Patience, na nusu nzima Kule aliitumia kufukuza mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuketi karibu na mke wake. Alijua hivyo, tena alijua vizuri.

Alirudi maktaba saa saba. Msaidizi wa Patience, anayeitwa Glodie, alikuwa mezani pa mapokezi, kucha zimepakwa rangi vizuri, uso umekaza.

"Nilisema yote Jumanne," Glodie alianza kabla hajaulizwa. "Ufunguo iko kwake. Yeye njo shefu. Siye wengine tuko hapa ya kufagia."

"Hamupatane?"

"Tunapatana muzuri." Akavuta pumzi. "Tulifanya formation ya kazi hii pamoja, Kisangani, miezi mitatu. Miye nilikuwa wa kwanza, yeye wa tatu. Lakini ufunguo nani alipewa? Ku radio nani anaongea? Kila siku Patience, Patience. Ata bana kidogo banaingia hapa banauliza, Patience iko wapi? Kama miye ni ukuta."

"Jumanne saa sita mulikuwa wapi?"

"Nyuma, tunakula."

"Bote mbili?"

Glodie alicheza na kalamu. "Bote mbili."

"Aliinuka ata kidogo? Kwenda choo? Kujibu simu?"

Glodie aliiweka kalamu, akaichukua tena.

"Glodie. Saa kumi mwenzako anaenda parquet."

"Hakuinuka," Glodie alisema, macho yakiwa chini. "Tulikula mpaka saa saba kasoro, tukaosha sahani."

"Na Jumanne uliniambia haujui."

"Nilikuwa na hasira."

Kule aliandika maneno yale, akamfanya aweke sahihi. Yalisaidia, lakini hayakutosha. Komanda angesema Patience alimpa mtu ufunguo kabla ya chakula, na ndiyo maana alitulia kwenye sahani yake.

Glodie aliona afisa hajaridhika, akaamua ajitetee. "Lakini usifikiri nilimusingizia bure. Ile siku kichwa yake haikuwa kwa kazi. Kuya, nikuonyeshe."

Alimpeleka kwenye rafu ya kwanza karibu na mlango, rafu ya manjano, ya watoto. Mwanzoni kabisa, upande wa kushoto, kabla ya hadithi za picha, vilisimama vitabu vitatu vinene vya zamani, vimebanana. Kimoja kina stika ya kijani, kingine ya buluu, cha tatu nyekundu.

"Magonjwa ya muhogo," Glodie alihesabu kwa kidole. "Kuzalisha bamama. Sheria ya udongo. Rangi tatu, na zote kwa rafu ya bana! Saa sita kasoro nilipanguza rafu hii, haikuwa na kitu ya namna hii. Saa saba nikarudi, nikazikuta. Nikasema, ona kazi ya wa tatu. Sikuzigusa. Nilitaka batu ya comité bakuye bajionee."

"Kwa hiyo ziko hapa vile ulizikuta."

"Vile vile."

"Na umekwisha kuniambia kwamba Patience hakuinuka."

Glodie alisogea kando.

Kule alipiga magoti mbele ya rafu. Saa ile ile ambayo mwizi alikuwa ndani ya chumba, mtu alitoa kitabu kwenye kijani, akatoa kingine kwenye buluu, akatoa cha tatu kwenye nyekundu, akavileta vyote mlangoni na kuvisimamisha pamoja. Mtu anayekuja kuchaji simu hafanyi hivyo. Mtoto hawezi kuvibeba. Na mwizi wa kawaida ana haraka. Aliviangalia kwa nje, akakosa kinachoviunganisha. Waandishi tofauti, urefu tofauti, habari tofauti. Hapo aliona kwamba stika ya kijani imeinuka pembeni, na chini yake kuna wino.

Aliibandua kwa ukucha. Chini yake, kwa wino wa zambarau, mtu aliandika kwa mkono mzuri wa shule ya zamani: 1.

Alibandua ya buluu. 2.

Nyekundu. 3.

"Nani aliandika hizi?"

"Hiyo ni mukono ya Papa Donatien," Glodie alisema. "Vitabu vya zamani vyote vilitoka kwake, elfu moja na mia. Alikuwaka na salle de lecture, chumba ya kusoma ya parokia, kule Mudzipela, miaka makumi mbili na mbili. Sasa tumebandika rangi juu. Namba zake hatutumie tena."

"Weye unaweza kujua namba ya kitabu bila kutoa stika?"

"Miye? Kati ya elfu moja? Hakuna mutu anaweza."

"Kuko mumoja," Kule alisema. Akainuka, akapanguza magoti, akaenda mpaka meza ya mapokezi, akainama chini ya droo. Mbao ngumu nyeusi, kufuli ya shaba ya zamani. Kila kitu kingine humo ndani kilikuwa kipya. "Na hii meza mulinunua wapi?"

"Haikununuliwa. Ilikuya pamoja na vitabu, na droo, na ufunguo."

"Ufunguo ngapi?"

"Alitupatia moja."

"Kufuli kama hii inakuyaka na mbili," Kule alisema, akatazama saa. Saa nane kasoro robo.

Barabarani kwenda Mudzipela, nyuma ya dereva wa moto, alipanga mambo kichwani. Ushahidi wake ulikuwa namba tatu za zambarau na kufuli. Kwa kupekua chumba anahitaji karatasi ya parquet, na karatasi ya parquet haipatikani kwa masaa mawili, labda siku mbili. Akiingia kwa fujo mzee atakana, na Patience atakwenda. Ilibidi mzee afungue mwenyewe.

Chumba cha kusomea kilikuwa nyuma ya kanisa, mlango wazi. Rafu zilizunguka kuta nne mpaka juu, tupu zote, na hapakuwa na vumbi juu ya ubao hata mmoja. Mtu alikuwa anazipanguza kila siku. Katikati, meza ndogo na rejista. Pembeni, kabati la droo ndogo ndogo za mbao, kila moja na kundi la herufi zake. Papa Donatien aliinuka. Mzee mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, kalamu mfukoni.

"Karibu, shefu. Parokia iko na shida?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekuya kusoma."

Mzee alisogea karibu. "Kusoma?"

"Natafuta buku ya kutayarisha examen d'État. Ya mathématique."

"Ni ya weye?"

"Ya bibi yangu," Kule alisema. Alikuwa anatega mtego, na bado neno lile lilimtoka likiwa kweli, mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu.

Uso wa mzee ulibadilika. Ungemwona! Alikimbilia nyuma ya pazia kama kijana, akarudi na kitabu kinene ambacho mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa nyavu. "Hii bale ba bibliothèque balikataa kuichukua. Banasema imepasuka. Lakini kurasa zote ziko, niliishona miye mwenyewe. Logarithme iko, géométrie iko. Mwambie aanze nyuma, kwa mazoezi. Majibu nimefunika na karatasi, asidanganye." Alifungua rejista. Msomaji wa mwisho aliandikwa mwezi wa tatu. Kule aliandika jina lake chini yake, taratibu.

"Na karte, shefu. Njo sheria ya hapa, tangu siku ya kwanza." Mzee aliinua kidevu. "Bale ba kule baliiga kwangu."

Kule alitoa kadi yake ya mpiga kura, akampa.

Mzee aliisoma. "Kule," alisema, na mikono yake ikaanza kazi iliyoifanya miaka ishirini na miwili. Haikumuuliza. Aligeuka kwenye kabati, akavuta droo ya K na L, vidole vikapita juu ya kadi zilizosimama, vikapata nafasi, vikasukuma kadi ya Kule ndani. Hapo ndipo vidole viliposimama.

Kule alikuwa ameshafika begani kwake. Droo ilikuwa imejaa. Sura za watu zilisimama moja nyuma ya nyingine, zimenyooka, zimepangwa kwa majina, na kadi yake mwenyewe ilikuwa imeegemea uso wa mwanamke anayemjua. Lotsove Rebecca.

"Mwalimu," Kule alisema kwa upole, "msomaji wa mwisho alikuya mwezi wa tatu. Hawa ni nani?"

Papa Donatien hakujaribu kufunga droo. Alikaa chini kwenye kiti cha wasomaji, akaweka mikono magotini.

"Umekuya kusoma kweli?" aliuliza.

"Kitabu nitakichukua."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Baadaye alianza kusema, na alisema bila kuulizwa. "Siku ya kufungua bibliothèque balitaja kila mutu. Balitaja ata ule alipaka geti rangi. Patience, nilimufundisha kufunika buku akiwa na miaka tisa, hapa, kwa hii meza. Balimupatia micro aongee. Akashukuru Mungu, akashukuru comité, akashukuru bageni. Miye nilikuwa kiti ya nyuma. Nilivaa hii koti. Kisha akakuya kunisalimia, akasema na furaha, Papa, namba zako tumefunika, siku hizi ni rangi. Na furaha, shefu!" Alipiga goti kwa kiganja. "Na kila siku napita pale naona batu kwa mustari, banamuachia karte. Batu bangu. Kila mumoja namujua, najua alisoma nini na alirudisha lini. Nilikuwa na wivu. Nitakudanganya juu ya nini? Wivu ulinikula mpaka usingizi ukaisha."

"Ukachukua karte."

"Nilisema, karte zikipotea, batu batamukimbia, batarudi kwangu. Niliketi hapa siku tatu, mulango wazi. Hakuna mutu alikuya. Balienda kupiga kelele kule kule."

"Na Patience iko mu amigo."

"Nilisikia jana. Nilitoka kuya kwenu. Nilifika mpaka kwa kona ya soko, nikarudi. Nikasema nitakuya kesho." Macho yake yalikuwa makavu. "Leo pia nilisema kesho."

Kule alitaka kumfokea. Maneno yalikuwa tayari, kuhusu msichana aliyelala kwenye simenti huku mtu anasema kesho. Lakini asubuhi yake mwenyewe ilikuwa bado mbichi, moto ya kwenda na kurudi shuleni kwa Héritier, na hakupata sauti ya kufokea.

"Na vitabu vitatu ulivitoa juu ya nini? Vile njo vimekukamatisha."

"Vitabu gani?"

"Namba moja, mbili, tatu."

Mzee alishangaa, kisha, huwezi kuamini, akatabasamu. "Vya kwanza. Nilivileta na kinga, baiskeli yangu, kutoka Nyankunde, vyote siku moja. Nikavikuta kila kimoja na fasi yake, mbalimbali. Nilikuwa na karte tayari mu koti, natoka. Nikasema, ni dakika moja tu."

Saa kumi kasoro dakika ishirini, ndani ya ukumbi wa ofisi, walikutana uso kwa uso. Patience anatolewa, viatu mkononi, nywele zimejaa vumbi la ukuta. Papa Donatien anaingizwa, koti bado limefungwa vifungo vyote. Kule alikuwa ameshamweleza Patience, kwa maneno machache, na ameshamwomba samahani kwa maneno machache zaidi. Komanda aliposikia, alisema tu, "Ufunguo mbili? Lo," akakata simu.

"Patience," mzee alisema. "Vile vitatu. Usivitenganishe tena."

Msichana alimtazama mwalimu wake. Kule alidhani atalia, au atamkumbatia, au atamtukana.

"Kijani inaenda kwa kijani, Papa," Patience alisema. "Batu banatafuta namna ile." Akavaa viatu, akapita.

Hakukubali kupelekwa nyumbani. Alikwenda moja kwa moja maktaba, akanawa uso kwenye bomba la ua, akazunguka ndani peke yake dakika chache, kisha akakaa mezani na droo ya kadi mbele yake na kuanza kuita majina. Glodie alisimama kando akishika rejista, hakuinua macho. Mama wa Marabo alirudisha kitabu chake cha kushona, akachukua kadi, akaibusu. Mstari ulikwenda taratibu, na Kule alisimama kando akitia alama kwenye orodha yake.

"Lotsove Rebecca."

Alitoka kwenye mstari, kitenge cha kwaya mabegani. Alimwona mumewe, na hakujificha. Alifungua mfuko, akatoa kitabu cha jiografia kilichofungwa kwenye nailoni yenye unga wa muhogo, alimokuwa akikificha nyumbani, akakirudisha, akapokea kadi.

"Kwaya inaendelea?" Kule aliuliza.

"Inaendelea. Tumefika kwa logarithme."

Kule alimnyoshea kile kitabu kilichoshonwa. Rebecca alikigeuza, akaona mazoezi, akaona karatasi zilizobandikwa juu ya majibu.

"Nani alikuambia?"

"Rejista."

"Na mwalimu Héritier ulimufanya nini?"

"Nilimuuliza maswali."

"Maswali gani?"

"Ya kazi."

"Aimé."

"Nilienda mpaka shuleni kwake," Kule alikiri. "Nikauliza directeur."

Rebecca alicheka. Alicheka mbele ya watu wote, mkono juu ya meza, mpaka akakohoa, na Kule alisimama akimsikiliza, akajua vizuri mwenzake alisikia nini ile siku ya sombe. Kisha Rebecca alipanguza macho, akaenda zake meza ya nne. Héritier alikuwa pale na wengine watatu. Alisogeza daftari zake kumpa nafasi, na wivu wa Kule ukawaka tena, sawa sawa na asubuhi, hakuna kilichopungua.

Ikabaki kadi moja kwenye droo.

"Kule Aimé," Patience aliita. "Kitabu kiko wapi?"

"Bibi yangu iko nacho. Pale."

"Basi karte inabaki."

"Patience. Ile kitabu si ya hapa, ni ya Mudzipela. Na miye ni OPJ."

"Njo sheria ya hapa, shefu," Patience alisema, akiinua kidevu, "tangu siku ya kwanza." Akafunga droo kwa ufunguo.

Kule aliikunja orodha yake. "Nitamungojea bibi yangu. Niko naweza kukaa kwa meza ya nne?"

"Meza ya nne imejaa. Kaa kwa ya bana."

Alikwenda kukaa kwenye kiti kifupi cha watoto, magoti yakagusa kifua, karibu na mlango. Rafu ya manjano ilikuwa mbele ya macho yake. Mwanzo wake, upande wa kushoto, ulikuwa wazi, upana wa vitabu vitatu vinene. Patience alikuwa ameshavirudisha, kila kimoja na rangi yake. Kule alivitafuta kwa macho, akakiona cha muhogo kule kwenye kijani, kimebanwa kati ya vingine vyenye stika mpya. Chenyewe hakikuwa na stika. Patience alikiweka mahali pake, na ile namba moja ya zambarau hakuifunika.